Mraba Ukiinama Bado Ni Mraba: Namna ya Kufundisha Sifa za Maumbo Shule ya Msingi

Kata mraba wa boksi gumu, sentimita 20 kwa 20, uubandike ubaoni upande wake mmoja ukiwa umelala sambamba na sakafu. Waulize watoto wa darasa la tatu hilo ni umbo gani. Watajibu kwa sauti moja: "Mraba!" Sasa uzungushe taratibu mbele ya macho yao mpaka usimame kwa kona moja, kisha uliza tena. Darasa litagawanyika. Wapo watakaosema si mraba tena. Wapo watakaoliita uru, kama lile la karata. Mtoto mmoja aliwahi kuniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, ulikuwa mraba, sasa umeuharibu."

Hakuna kilichokatwa wala kilichoongezwa. Pande ni zilezile nne, pembe ni zilezile nne, urefu ni uleule. Lakini machoni pa mtoto yule umbo lilibadilika, naye alisema alichokiona. Kati ya anachokiona yeye na tunachokimaanisha sisi walimu na wazazi tunapotamka neno "mraba" kuna umbali mkubwa, na hapo ndipo somo la maumbo linapokwama kwa watoto wengi. Umbali huo unavukika, ila hauvukiki kwa kukaririshwa.

Sura kwanza, sifa baadaye

Mtoto mdogo hulitambua umbo kama anavyomtambua shangazi yake anapotokea mlangoni. Hahesabu macho wala hapimi pua, anamwona mtu mzima kwa mara moja na kuita, "Shangazi!" Pembetatu kwake ni kile kinachofanana na paa la nyumba. Mstatili ni kile kinachofanana na mlango. Duara ni chapati. Ukimwonyesha pembetatu nyembamba mno, au iliyosimama kwa ncha, anasita, kwa sababu haifanani na paa lolote alilowahi kuliona. Ukimwonyesha umbo lenye kona tatu ambalo upande wake mmoja umepinda kama upinde, analikubali bila wasiwasi kuwa ni pembetatu, maana sura ya paa ipo.

Mwaka 1957 mume na mke waliokuwa walimu wa Uholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, waliwasilisha tasnifu zao za udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht juu ya jambo hili. Walikuwa wakifundisha jiometri sekondari, na walisumbuliwa na swali ambalo kila mwalimu wa hisabati amelala nalo: kwa nini mwanafunzi mwenye akili zake haelewi hata maelezo yakirudiwa mara ngapi? Jibu lao ni kwamba fikra za jiometri hupanda ngazi kwa ngazi. Katika ngazi ya kwanza mtoto anaona sura nzima tu. Katika ya pili anaanza kuona sifa: umbo hili lina pande nne zilizo sawa, lile lina pande zinazotazamana zilizo sambamba. Katika ya tatu anaona jinsi sifa moja inavyozaa nyingine, na jinsi aina moja ya umbo inavyoweza kuingia ndani ya aina nyingine. Juu ya hapo kuna ngazi za uthibitisho rasmi, ambazo si kazi ya shule ya msingi.

Dina alifariki mwaka 1958, muda mfupi tu baada ya tasnifu yake, na Pierre akaendelea kuyafafanua mawazo yao. Umoja wa Kisovieti uliyatumia kurekebisha mtaala wake wa jiometri katika miaka ya 1960; Marekani yalianza kuvuma katika miaka ya 1970.

Mambo mawili katika mawazo hayo yamebadilisha jinsi ninavyosimama mbele ya darasa. La kwanza ni kwamba mtoto hapandi ngazi kwa kuongeza umri peke yake. Anapanda kwa kazi anayopewa, na ngazi hairukwi. Ndiyo maana unaweza kumkuta kijana wa kidato cha pili ambaye bado anaona sura tu. La pili ni zito zaidi: watu wawili walio katika ngazi tofauti hawasikilizani, hata wakitumia maneno yaleyale. Mwalimu akisema "mraba" ana fungu la sifa kichwani. Mtoto akisikia "mraba" anaona picha, tena picha iliyokaa wima. Mwalimu anadhani mtoto hasikilizi. Mtoto anadhani mwalimu anabadilisha maneno. Wote wawili wana nia njema.

Fundo la mstatili

Penye ugumu zaidi ni pale tunapomwambia mtoto kwamba mraba nao ni mstatili. Nimewaona watoto hodari wakitikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba wamedanganywa. Na kwa kweli tuliwapotosha sisi wenyewe, kwa sababu miaka miwili nyuma tuliwaandikisha daftarini: "Mstatili ni umbo lenye pande nne, mbili ndefu na mbili fupi." Tukawaimbisha mpaka ikaingia. Kwa maelezo hayo mraba hauwezi kuwa mstatili hata kidogo, na mtoto anayekataa ndiye aliyelielewa somo la mwanzo vizuri kuliko wenzake.

Lugha nayo haisaidii. Neno mstatili tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitu kilichorefushwa. Mraba ni wa ukoo mmoja na robo na arobaini. Ndani yake mna nne. Kwa hiyo jina lenyewe la mstatili linamnong'oneza mtoto kwamba lazima kuwe na urefu na ufupi. Tena tuna "pembe mraba", yaani pembe ya nyuzi 90, na mtoto anaposikia jina hilo anadhani ni mali ya mraba peke yake. Anashangaa kuikuta kwenye mlango, kwenye daftari, hata kwenye pembetatu. Maneno haya tusiyatupe, ni yetu na yanafaa. Ila inafaa mwalimu ajue yanamvuta mtoto upande gani.

Na mtoto huyo mbishi ana mwenzake mkubwa. Euclid, mtaalamu wa Kigiriki aliyeandika yapata miaka 300 kabla ya Kristo, katika kitabu cha kwanza cha kazi yake kuu, fasili ya 22, alitenganisha kabisa: mraba ni umbo la pande nne lenye pande zote sawa na pembe zote mraba, umbo refu ni lenye pembe mraba lakini pande zake hazilingani zote. Kwake yeye mraba haukuwa aina ya mstatili. Alifanya vivyo hivyo kwa pembetatu: pembetatu pacha kwake ilikuwa na pande mbili tu zilizo sawa, ile yenye pande tatu sawa haikuhesabiwa humo. Kwa hiyo kuuingiza mraba ndani ya mstatili ni uamuzi wa namna ya kufasili, na uamuzi wa namna hiyo unahitaji sababu. Mtoto anastahili kupewa sababu hiyo.

Sababu ni hii. Tukisema msambamba ni umbo lolote la pande nne ambalo pande zake zinazotazamana ziko sambamba, basi mstatili, rombasi (umbo la pande nne zote sawa, hata likiinama) na mraba wote wanaingia humo. Jambo lolote tutakalolithibitisha juu ya msambamba linakuwa kweli kwao wote bila kurudia kazi. Chukua mistari miwili inayotoka kona hadi kona inayoikabili: katika kila msambamba mistari hiyo inakatana katikati kabisa. Katika mstatili, zaidi ya hapo, inalingana urefu. Katika rombasi inakatana kwa pembe mraba. Mraba, kwa kuwa ni mstatili na ni rombasi kwa wakati mmoja, unarithi yote mawili. Kwa watoto natumia kuku. Kila jogoo ni kuku, na kila kuku ni ndege, lakini si kila ndege ni kuku. Jogoo haachi kuwa kuku kwa sababu anawika. Mraba hauachi kuwa mstatili kwa sababu pande zake zimelingana.

Dawa basi ni kubadilisha sentensi moja daftarini, na kuibadilisha mapema, tangu darasa la pili au la tatu: mstatili ni umbo la pande nne ambalo pembe zake zote ni pembe mraba. Basi. Usitaje urefu wala ufupi. Miaka miwili baadaye, utakapouliza kama mraba unaupita mtihani huo, mtoto atapima pembe nne na kujijibu mwenyewe. (Trapeza ina mgogoro wa aina hii pia: vitabu vingine vinataka jozi moja tu ya pande sambamba, vingine vinasema angalau jozi moja. Angalia kitabu cha darasa lako kinasema nini kabla ya kusahihisha.)

Kazi ya mikono

Sentensi nzuri peke yake haimpandishi mtoto ngazi. Lazima ashike, akunje, apime, kisha aseme kwa maneno yake alichokiona.

Kifaa cha kwanza ninachowapa hakinunuliwi. Kila mtoto anachukua kipande cha karatasi kilichochanika ovyo, hata cha gazeti. Anakikunja mara moja, popote, na kukandamiza kunjo kwa ukucha: amepata mstari mnyoofu. Anakikunja tena, safari hii akihakikisha mstari ule unalalia juu yake wenyewe bila kupishana. Kona iliyopatikana ni pembe mraba kamili, kwa kuwa mstari mnyoofu ni nyuzi 180 na yeye ameugawa nusu kwa nusu. Hakuhitaji rula wala seti ya vifaa. Kisha nawaachia wazunguke: kona ya daftari, ya dawati, ya tofali, ya dirisha, ya ubao. Kila kona wanaipima kwa kile kikaratasi na kuandika: sawa, imezidi, imepungua. Imepungua ndiyo pembe kali. Imezidi ndiyo pembe butu. Majina yanakuja baada ya kitu kuonekana, na hayasahauliki.

Siku moja mvulana alirudi akiwa na wasiwasi. Alikuwa ameupima mlango wa darasa letu na kukuta kona ya juu imezidi kikaratasi chake, ya pili yake imepungua. "Mwalimu, mlango wetu si mstatili." Tulikwenda wote kuutazama. Ulikuwa mlango wa mbao wa zamani, umelegea na kuinama upande wa kitasa mpaka unakwaruza sakafu. Pande zake zilikuwa na urefu uleule aliozipa fundi. Pembe ndizo zilizohama. Ulikuwa umegeuka msambamba. Sikuwahi kupata mfano bora wa kuonyesha kwamba pande peke yake hazitoshi kulishikilia umbo.

Tulirudi ndani tukatengeneza umbo lile kwa mirija ya soda na uzi. Vipande vinne vinavyolingana, uzi umepitishwa ndani na kufungwa. Ukivipanga vizuri unapata mraba. Ukiusukuma kwa kidole kona moja, unalala na kuwa rombasi. Pande hazikubadilika hata milimita moja. Watoto wanausukuma na kuurudisha mara nyingi, na hapo ndipo mtu anasema, bila kufundishwa, kwamba mraba unahitaji pande sawa "na pembe pia". Kisha wanaunga vipande vitatu. Wanasukuma, haisogei. Wanasukuma tena. Pembetatu haina pa kwenda: ukishapanga urefu wa pande tatu, pembe zimeshaamuliwa. Ndiyo maana mafundi hujenga kenchi za paa kwa pembetatu, na ndiyo maana mlango wa mbao hupigiwa ubao mmoja wa kukingama kutoka kona hadi kona. Ule wetu haukuwa nao. Wakati mirija bado iko mezani, wape vipande vya sentimita 5, 6 na 12 waunge pembetatu. Vile vifupi viwili vinanyooshana mikono na kushindwa kufikiana, na mtoto anagundua sheria ya pande za pembetatu kabla hajaisoma mahali popote.

Kukunja kuna hazina nyingine. Mraba wa karatasi ukiukunja kutoka kona hadi kona, nusu mbili zinalaliana sawasawa. Ukifanya hivyo kwa karatasi ya kawaida ya kuandikia, ambayo ni ndefu kuliko upana wake, zinapishana, ingawa macho yalikuwa yameshaahidi zitalaliana. Mraba una mistari minne ya kukunjia namna hiyo, mstatili usio mraba una miwili, pembetatu yenye pande tatu sawa ina mitatu. Msambamba wa kawaida, ule ulioinama na usio na pande zote sawa, hauna hata mmoja. Hili huwashangaza hata walimu wenzangu. Wengi hawaamini mpaka waukunje wenyewe.

Kwa jumla ya pembe, chora pembetatu kubwa, paka rangi kona zake tatu, kisha zichane kwa mkono. Zichane, usizikate kwa mkasi, ili ukingo uliochanika ujulikane na mtoto asiuchanganye na pande halisi. Ukizipanga kona hizo zikikutana ncha kwa ncha, zinatengeneza mstari mnyoofu: nyuzi 180. Kila mtoto alichora pembetatu yake, nyembamba, nene, ya kulala, na wote wanapata mstari. Fanya hivyo kwa umbo la pande nne na kona zinajaza mzunguko mzima: nyuzi 360. Waambie watoto ukweli kwamba huku ni kuona, bado si kuthibitisha. Uthibitisho utakuja wakiwa wakubwa, na utawakuta wakiwa tayari wanaamini kuna jambo la kuthibitishwa.

Pembe si ncha

Neno pembe kwa Kiswahili limebeba mzigo: pembe ya ng'ombe, pembe ya chumba, pembe ya umbo. Mtoto anachoshika kichwani ni kile kinachochoma, ile ncha. Ukimchorea pembe mbili zilizo sawa, moja ina mikono mirefu na nyingine mifupi, atakwambia ile ya mikono mirefu ni kubwa, kama vile pembe ya fahali ilivyo kubwa kuliko ya ndama. Hapa maneno hayatoshi. Inabidi aone kwamba pembe ni kiasi cha kuzunguka.

Saa ya ukutani ni mwalimu mzuri. Saa tatu kamili, akrabu zimefanya pembe mraba. Saa tisa kamili, tena pembe mraba. Saa kumi na mbili, zimenyooka, nyuzi 180. Sasa chora saa ya mkononi kando ya saa kubwa ya msikiti au ya stesheni, zote saa tatu: akrabu za moja zina urefu wa ukucha, za nyingine zina urefu wa mtu, na pembe ni ileile. Mlango ukifunguliwa kidogo, kisha zaidi, unaonyesha jambo hilo pia. Mtoto akishaona kwamba pembe ni kufunguka, kosa la mikono mirefu hupungua lenyewe.

Kuna mchanganyo mwingine wa kusahihisha haraka: mpira si duara. Mpira ni tufe. Kata chungwa katikati, na ule uso uliokatwa ndio wenye ukingo wa duara. Boksi la kiberiti si mstatili. Kila uso wake ndio mstatili, na nyuso ziko sita. Lifungue, lilaze, watoto wahesabu.

Najua swali linalokuja: haya yote yanawezekana vipi darasani penye watoto themanini na kipindi cha dakika arobaini? Yanawezekana kwa vikundi na kwa takataka. Karatasi zilizotumika, maboksi ya dukani, mirija, mabua. Kisichowezekana ni kuyafanya yote kwa wiki moja. Chagua kitu kimoja kwa kipindi, na uwaachie muda wa kuzungumza, kwa sababu mtoto anapomweleza mwenzake kwa nini lile si mraba ndipo analazimika kutaja sifa badala ya kunyoosha kidole tu.

Mchezo ninaomalizia nao sehemu hii ni wa madokezo. Ninashika umbo nyuma ya mgongo na kuwatajia sifa zake moja moja. Wao wanachora kila umbo linalokubaliana na nilichosema hadi hapo. "Lina pande nne." Madaftari yanajaa kila aina. "Pembe zake tatu ni pembe mraba." Hapo kelele zinaanza: na ya nne je? Wanajaribu kuipindisha, hawawezi. Mwishowe mmoja anakumbuka zile kona zilizojaza mzunguko, anatoa nyuzi 270 kwenye 360 na kutangaza kwamba ya nne haina hiari. Wameshajua ni mstatili. Ninatoa dokezo la mwisho: "Pande mbili zinazokutana kwenye kona moja zinalingana." Wanapima, wanafuta, wanachora tena. Ninapita katikati ya madawati nikitazama. Kila daftari lina mraba, mwingine umelala, mwingine umesimama kwa kona moja kama uru, na hakuna anayesema umeharibika.